Tope la Mabondeni: Pemba na Kazi ya Kunasua Magari

Vilima vya Pemba ni vifupi, havifiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari, lakini viko vingi na vimekaribiana. Katika nusu ya magharibi ya kisiwa, ndiko kwenye mikarafuu, njia hupanda kilima, hushuka bondeni, kisha hupanda tena. Juu kuna udongo mwekundu unaoteleza ukirowa. Chini kuna mabonde ya mpunga, na udongo wake mfinyanzi ukishanywa maji hushika gurudumu kama ulimbo. Mashariki hali ni nyingine: huko ni maweni, na gari huvunjika springi kabla ya kuzama.

Kwa karne nyingi tope hilo halikuwa kikwazo kikubwa cha biashara, kwa kuwa bahari yenyewe iliingia mashambani. Pwani ya magharibi imejaa hori ndefu zinazopenya hadi miguuni mwa vilima. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika zao hilo, karafuu zilibebwa kichwani na watumwa, baadaye na vibarua, au juu ya punda, mpaka kwenye hori. Hapo zilipakiwa vyomboni kwenda Wete, Chake Chake na Mkoani, na kutoka huko Unguja. Chombo nacho kiliweza kupwelewa, lakini dawa yake ilikuwa subira: maji yakijaa, kinaelea.

Gari halina maji ya kuyangoja. Wakati wa utawala wa Waingereza, ulioanza 1890, barabara ziliunganisha miji mitatu ya kisiwa, na karafuu zikaanza kuhama kutoka horini kwenda kwenye lori. Shida ilikuwa majira. Masika ya Machi hadi Mei hulainisha njia zote, lakini miezi hiyo mkulima hana haraka ya kusafirisha. Uchumaji mkubwa huanza katikati ya mwaka, na mara nyingi huendelea hadi Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuanza. Karafuu iliyoanikwa ikakauka haitaki unyevu tena. Lori lililolala bondeni usiku mmoja na mzigo wake lilikuwa hasara ya kweli.

Kazi ya kulinasua ina utaratibu wake. Kwanza magunia hushushwa, hata kama ni mengi. Kisha hutazamwa chini ya gari: difu ikishakalia tope, kukanyaga mafuta ni kuchimba kaburi, maana magurudumu huzunguka pale pale na kuzidi kwenda chini. Jembe hufungua njia mbele au nyuma ya kila gurudumu. Nyuma ndiko kunakopendelewa, kwa sababu gari limekwisha kupita huko na mifereji yake ipo. Jeki huwekwa juu ya ubao, la sivyo huzama yenyewe badala ya kuinua gari. Pasipo jeki, mti mrefu hutumiwa kuwa wenzo. Chini ya magurudumu hutandikwa makumbi, makuti, magunia matupu au mawe. Dereva wa nchi za theluji hufunga minyororo kwenye magurudumu ili yaume barafu. Pemba, kinachopewa meno ni ardhi.

Baada ya hapo ni kamba na watu. Kamba ya kienyeji ilisokotwa kwa nyuzi za makumbi yaliyofukiwa miezi kadhaa kwenye tope la pwani, na haikutengenezwa kwa ajili ya gari. Ilikuwa ya vyombo, na ujuzi wa kuivuta ni wa vyombo pia. Kushua jahazi kunataka magogo ya kuviringishia, wenzo, na mikono mingi inayovuta kwa sauti moja. Mwito wa harambee ulikuwa wa kazi kama hizo mwambao mzima kabla Kenya haijaufanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963. Kijiji cha wavuvi kilichoitwa kwenda kuvuta lori hakikuwa na mengi ya kufundishwa.

Mwaka 1948 Land Rover ilizinduliwa Uholanzi, na magari ya namna hiyo, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yalipoenea Afrika Mashariki yalipunguza kukwama. Hayakukuondoa. Dereva aliyeyaamini kupita kiasi alifika ndani zaidi ya bonde kabla ya kusimama.

Kilichobadili mambo ni lami. Mkataba wa Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, uliotiwa saini Februari 2008, ulihusisha barabara za vijijini Pemba zenye urefu wa kilomita 35 hivi. Tope limebaki kwenye vichochoro vya mashambani. Huko gari la ng'ombe bado hupita, na likikwama, ng'ombe hufunguliwa kwanza, kisha watu huinua.