Unajengea Mathe Ocha? Cheki Hii Kabla Uitishe Kaunta ya Jikoni

Ukianza kutuma doo za kujenga ocha, unajua vile mambo huenda. Msingi unaisha, mabati yanapigwa, halafu fundi anakupigia: "Bosi, jikoni kaunta tunaweka nini?" Wewe uko Nairobi, umeona jikoni ya staa fulani kwa TikTok, graniti nyeusi inameta ka kioo, unamwambia weka hiyo. Hapo ndio ganji huanza kupotea.

Tuchukue Kiambere, juu huko kila kosa la kaunta huonekana haraka. Ni ule upande wa chini wa Embu, Mbeere Kusini, kwenye kuna bwawa la mwisho kati ya yale matano ya Seven Forks kwa mto Tana, lililoanza kutoa stima 1988. Joto ni la ukweli, mvua ni ya kuhesabu, mchwa hawana adabu, na wengi bado wanapikia makaa na kuni. Kaunta inayokaa fiti kwa ghorofa ya Kilimani inaweza kukuangusha huku.

Kwa hivyo swali la kwanza si "gani inakaa poa." Ni: mathe anapika nini, na sufuria ikitoka motoni inawekwa wapi? Ukweli ni kwamba inawekwa hapo tu kwa kaunta, ikiwa moto na ikiwa na masizi. Hakuna mtu anatafuta kitambaa cha kukinga akiwa ameshika ugali ya watu kumi.

Graniti ni noma, lakini ina masharti

Graniti inavumilia moto, haikwaruzwi na kisu ovyo, na limau haiitishi. Shida yake ni safari. Kuna kichekesho hapa: Kiambere yenyewe imekalia miamba ya zamani sana, ule ukanda wa Msumbiji unaopita Afrika Mashariki, wenye zaidi ya miaka milioni 500. Halafu ile graniti nyeusi yenye vidoti vya dhahabu, wanaita Black Galaxy, inachimbwa Chimakurthi, jimbo la Andhra Pradesh kule India, inapanda meli hadi Mombasa, ndio ikuje kuwekwa juu ya mwamba mwingine.

Piga hesabu ya uzito pia. Kipande cha mita 3 kwa sentimita 60, unene wa milimita 20, ni karibu kilo 100. Kikibebwa kimelazwa kwa pikapu na barabara ina mashimo, kinavunjika. Graniti husafiri imesimama wima, imefungwa kwa fremu. Na usikubali tundu la sinki likatwe mbali kabla ya safari, juu hapo kwa zile pembe nyembamba ndio hupasuka kwanza. Fundi akuje na mashine, akate kwa boma.

Kabla ulipe, itisha kipande kidogo. Dondosha limau, ngoja dakika kumi, pangusa. Kikibaki na alama iliyofifia, hiyo ni marumaru ama jamaa wake, na marumaru na nyanya hawaelewani. Kisha chukua kitambaa cheupe na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, sugua. Kitambaa kikitoka cheusi, umeuziwa jiwe limepakwa rangi. Mwisho, weka tone la maji. Jiwe likigeuka giza haraka, linakunywa, so litahitaji kupakwa dawa ya kuziba mara kwa mara, la sivyo mafuta ya chapati yatakaa humo milele.

Konkriti na terazo: hii ndio ningechagua

Wengi hawajui kwamba hata ukiweka graniti ama taili, kwa nyumba nyingi za Kenya chini yake kuna slabu ya konkriti. So ushalipia nusu ya kaunta. Slabu ikitengenezwa vizuri, unaweza kumalizia na terazo na usahau maduka ya graniti kabisa.

Slabu ya kawaida ni inchi 3, mchanganyiko wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na vyuma ndani. Mchanga wa laga unapatikana huku, lakini uupime: tia kwa chupa na maji, tikisa, acha utulie. Ukiona tope limekaa nene juu ya mchanga, usiutumie kabla ya kuuosha. Lakini kitu kinaua slabu nyingi Kiambere ni jua. Konkriti haitaki kukauka haraka, inataka kukomaa polepole na unyevu. Ifunikwe na magunia na imwagiliwe maji angalau siku 7. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku 28. Mafundi wengi humwagilia siku mbili, juu maji ni ya kununua kwa mtungi. Weka pesa ya maji kwa bajeti mapema, usiache fundi aamue.

Terazo ni vipande vidogo vya marumaru ndani ya simiti, inasagwa na maji hadi inang'aa. Umeikanyaga shule na hosi maisha yako yote. Haiogopi sufuria, haina mistari ya kushika uchafu, na ikichoka inasuguliwa tena. Adui yake ni limau na siki, ipakwe dawa ya kuziba na ukimwaga upanguse. Ni hayo tu.

Taili ni za bei nafuu, na moja ikivunjika unabadilisha hiyo moja. Lakini ile mistari katikati hushika unga na mafuta, na ukitwanga kitunguu saumu juu ya taili haijashika vizuri chini, imeenda. Chukua taili kubwa za poseleni, mistari myembamba. Fundi akimaliza, gonga kila moja na sarafu; ikilia tupu, arudie.

MDF na zile bodi za kubandikwa formika, hapana. Maji yakiingia kwa sinki inafura ka mandazi. Mbao nayo (si ile ya shilingi ishirini) huku iko na jina: mukau, Melia volkensii, mti wa nchi kavu ambao mchwa huuogopa na mbao yake hufananishwa na mahogani. Better Globe Forestry wana shamba lake hapo Kiambere. Itumie kwa milango ya kabati na upande mkavu wa kukandia chapati, mbali na sinki.

Kwatzi, na mapafu ya fundi

Utaambiwa kwatzi ndio mpya mjini. Ni jiwe la kiwandani, unga wa kwatzi umeshikwa na gundi ya plastiki. Gundi hiyo haipendi sufuria imetoka kwa makaa. Inabadilika rangi ama inapasuka. Kwa jiko la Kiambere, sahau.

Lakini kuna kitu kizito zaidi. Vumbi lake lina silika nyingi sana, na silika ikiingia kwa mapafu inaacha makovu yasiyopona. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Australia ilipiga marufuku hizi kaunta kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya wafanyakazi waliougua. Graniti pia ina silika, ingawa kidogo kuliko kwatzi. So yule kijana unamuona akikata jiwe kavu, vumbi jeupe mpaka kwa kope, amejifunga leso mdomoni, leso hiyo haimsaidii. Mwambie akate na maji yakitiririka, nje ya nyumba, na umnunulie maski ya vumbi ya ukweli. Ni pesa kidogo ukilinganisha na jiwe lenyewe, na ni msee wa rika yako.

Urefu sasa. Mafundi wengi hupiga sentimita 90 bila kuuliza. Hiyo ni sawa ya kukatia mboga ama kuosha vyombo. Lakini weka meko juu ya hiyo sentimita 90, weka sufuria juu ya meko, halafu mwambie mathe asonge ugali: mkono uko juu ya bega. Mwambie fundi ashushe kipande cha slabu, karibu sentimita 60 kutoka chini, pale kando ya dirisha moshi utoke. Apige simu mathe akiwa hapo, apime na mwiko mkononi, kabla konkriti imwagwe.