Historia ya machimbo ya Ytterby

Ytterby ni kijiji kisiwani Resarö, karibu na Stockholm, Uswidi. Wachimbaji wake walitoa kwatzi ya viwanda vya chuma, baadaye feldispa ya vyombo vya kauri.

Mwaka 1787 Carl Axel Arrhenius, luteni wa mizinga aliyependa mawe, aliokota hapo jiwe jeusi, zito, asilolijua. Lilimfikia Johan Gadolin, mkemia wa Åbo, ambayo leo ni Turku, Finland. Mwaka 1794 Gadolin akatangaza kuwa ndani yake mna oksidi isiyowahi kujulikana. Gadolin ana elementi yenye jina lake, gadoliniamu, Arrhenius hana. Naona amedhulumiwa.

Mwaka 1789 Lavoisier wa Paris alikuwa amesema kwamba elementi ni kitu ambacho wakemia hawajaweza kukitenganisha zaidi. Kwa kauli hiyo, elementi ya leo yaweza kuvuliwa cheo kesho, na ndivyo ilivyokuwa kwa jiwe la Ytterby. Mwaka 1843 Carl Gustaf Mosander aliigawa oksidi ya Gadolin, zikatoka tatu: ya itriamu, ya erbiamu na ya terbiamu. (Waliomfuata wakayabadilishanisha majina hayo mawili ya mwisho, la moja likaenda kwa nyingine, na hadi leo yamebaki hivyo.) Mwaka 1878 Marignac wa Geneva akatoa iterbiamu kutoka kwenye erbiamu, mwaka 1907 Georges Urbain akaigawa iterbiamu nayo, akapata lutetiamu. Kazi yenyewe ilikuwa kuyeyusha chumvi, kuigandisha, kuchuja, na kuanza upya, mara mamia, kwa sababu elementi hizi zina tabia zinazokaribiana mno.

Zingekwisha lini? Mkemia Dalton alizitofautisha atomu kwa uzito, na uzito haukuweza kujibu. Jibu lilitoka kwa Henry Moseley, Mwingereza, mwaka 1913. Alipima eksirei zinazotoka kwenye elementi mbalimbali akaona kila moja ina namba yake kamili, ambayo ni chaji ya kiini cha atomu. Namba hazina nusu. Kwa hiyo kati ya lanthanamu, elementi ya 57, na lutetiamu, ya 71, zipo nafasi 13 tu. Mwaka 1914 Urbain alimpelekea Moseley sampuli zake Oxford, na kazi ya miaka ikahakikiwa kwa muda mfupi.

Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Machimbo yalifungwa mwaka 1933. Elementi nne zimeitwa kwa jina la kijiji hicho: itriamu, terbiamu, erbiamu na iterbiamu. Hakuna mahali pengine duniani palipopata nyingi hivyo.