Msonge na Banda: Historia Iliyojengwa Kitale na Bungoma

Historia ya watu haiandikwi kwa kalamu peke yake. Huandikwa pia kwa udongo, miti, nyasi, ngozi na mawe, wala hapana sababu ya kudhani kwamba watu wasiokuwa na vitabu hawakuacha kumbukumbu. Ajengaye nyumba hutia ndani yake habari nyingi: hali ya hewa ya nchi yake, mali aliyo nayo, adui anayemwogopa, jirani aliyemfundisha kazi, na heshima anayowapa wazee wake. Ajaye nyuma, akiwa na macho ya kusoma, aweza kuyasoma hayo yote.

Lugha yetu ina majina mawili ya kale kwa nyumba za aina mbili. Msonge ni nyumba ya duara, yenye paa lililochongoka juu. Banda, kwa maana yake ya zamani, ni nyumba ya pembe nne. Mwanafunzi akiulizwa ni ipi katika hizo mbili iliyo ya kwetu, aghalabu atajibu kwamba msonge ni wa kwetu na banda ni la wageni. Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kupotosha kuliko uongo mtupu. Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Lakini wahenga hao hao walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, walijipinga wenyewe? Majibu yako katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, kwenye miji ya Kitale na Bungoma na mashamba yanayoizunguka.

Nchi hiyo ni njia panda ya mataifa mengi. Wabukusu, ambao ni katika Waluhya, husema lugha ya Kibantu. Wasabaoti wa mlimani, Wasengwer wa Cherangani na Wanandi wa kusini husema lugha zilizo katika jamaa ya Kikalenjini. Magharibi wako Wateso, na kaskazini, ng'ambo ya nyanda za joto, wako Waturukana. Watu hao wamepigana, wameoana, wamebadilishana ng'ombe kwa nafaka, na wameigana kazi za mikono kwa karne nyingi.

Tuanze na msonge. Mjenzi alichimbia miti ardhini kwa duara, akaifunga fito, akaikandika udongo, kisha akaezeka nyasi. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa kukosa maarifa. Katika nchi yenye mvua nyingi, paa la mteremko mkali huyateremsha maji upesi kabla hayajapenya nyasi. Udongo hulinda joto usiku, na usiku wa nyanda za Elgon ni wa baridi. Ukuta wa duara hauna pembe za kubomolewa na upepo. Juu kabisa ya paa la mwenye mji hutokeza ncha ya mti. Waluo huiita osuri, na kwao ni alama kwamba mwenye mji yu hai. Jirani zao Waluhya nao wana desturi iliyo kama hiyo. Lugha za watu hawa wawili hazina asili moja, walakini kijiti kimoja juu ya paa chawapa wote habari ile ile. Basi hata katika msonge wenyewe, tunaodhani haukuguswa na mgeni, twaukuta mkono wa jirani.

Wala Wabukusu na Wasabaoti si wajenzi wa kwanza katika nchi hizo. Katika nyanda za magharibi ya Kenya yako mashimo mapana ambayo watu huyaita mashimo ya Wasirikwa. Zamani wengi walidhani kuwa yalikuwa nyumba za watu. Wataalamu wa mambo ya kale walipoyachimba waligundua kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na kwamba nyumba za wenyewe zilijengwa ubavuni mwake. Tusikilize vema habari hiyo: wajenzi wale walimpa ng'ombe mahali pa katikati, wao wakakaa pembeni. Hapakuachwa barua hata moja, lakini twajua walichokithamini.

Karne ya kumi na tisa ilileta vita vingi, na vita vikaleta ngome. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipopita magharibi ya Kenya mwaka 1883 aliona vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Wabukusu na Watachoni walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Walichimba handaki, na udongo uliotoka handakini wakaufanya ukuta. Hivyo jasho moja lilizaa kinga mbili. Milango ilikuwa michache na myembamba, na ndani zilikaa nyumba, watu na mifugo yao.

Ngome iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Chetambe, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Webuye katika Bungoma. Chetambe alikuwa Mtachoni. Watachoni ni mfano mwema wa habari yetu, maana husema lugha iliyo katika Kiluhya, na koo zao nyingi zina asili ya Kikalenjini. Mwaka 1895 Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, lenye askari wa Kisudani, na pamoja nao wasaidizi kutoka Buganda na kwa Nabongo Mumia wa Wanga. Walishindwa Lumboka, kisha wakashindwa Chetambe. Ukuta uliofaa kwa mikuki na mishale haukuweza kuizuia bunduki ya mzinga. Watu wengi walikufa, na ng'ombe wengi wakachukuliwa.

Lakini ngome iliyoshindwa vitani haikushindwa katika nyoyo. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake mpaka Chetambe wakawakumbuke waliokufa pale zaidi ya miaka hamsini nyuma. Serikali ya kikoloni iliona hatari, na haikukosea kuona hivyo. Ukuta wa udongo uliokwisha bomoka ulikuwa umekuwa kitabu, na watu walikuwa wakikisoma kwa sauti.

Vyombo navyo husema kama nyumba. Wabukusu wana kinubi kiitwacho litungu. Mwili wake ni wa mti uliochongwa ukawambwa ngozi. Mikono miwili hutoka juu, ikaungwa kwa mti wa kukingama, na nyuzi hutandazwa kati yake. Mpigaji wa litungu huimba habari za mashujaa, huwasifu wenye karamu, na huwaonya wapotovu. Mtu angeweza kusema, hiki ndicho chombo cha Mbukusu asiyechanganyika na yeyote. Hata hivyo, Waluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano, Wakalenjini wana vinubi vyao, Waganda wana endongo, na huko Ethiopia watu hupiga krari. Vyote ni ndugu wa mlango mmoja. Lakini ukizisikia sauti za nyatiti na litungu usiku, hutasema ni kitu kimoja. Kila taifa lilipokea umbo, likalitia sauti yake.

Sasa twende kwenye banda. Mwaka 1902 wamisionari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi, kusini ya Bungoma. Misheni yao ilifundisha kazi za mikono pamoja na Injili: kupasua mbao, kufyatua matofali, kujenga kwa pembe nne. Baadaye mafundisho yao yalienea mpaka nchi ya Wabukusu. Reli nayo ikaja. Tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapita Bungoma kuelekea Uganda. Penye stesheni paliota maduka ya Wahindi, yenye paa la mabati na baraza mbele, mahali ambapo fundi cherehani aliweka mashini yake na wateja wakajikinga mvua. Katika mashamba ya Trans Nzoia, ambayo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa, walowezi wa Kizungu walijenga nyumba za mawe na za mbao.

Hapo ndipo lilipoingia neno baya. Banda liliitwa nyumba ya mstaarabu, na msonge ukaitwa nyumba ya mshenzi. Kijana aliyesoma aliona haya kulala katika nyumba aliyozaliwa. Aibu hiyo, wala si bati wala tofali, ndiyo iliyokuwa hasara yetu. Bati halina kosa. Halivuji mapema, haliliwi na mchwa, na maji yake ya mvua yaweza kutekwa kwa pipa. Mwenye kulichukua kwa sababu ya manufaa yake ametumia akili. Aliyelichukua kwa kuwadharau wazazi wake amekuwa yule mtumwa wa methali.

Watu wengi wa vijijini, bila kuandika kitabu, waliutatua mgogoro huo kwa hekima. Tazama mji wa mkulima katika Bungoma. Nyumba kubwa yaweza kuwa ya matofali na mabati, yenye pembe nne. Lakini kijana wa kiume akibaleghe hujengewa, au hujijengea, nyumba yake ndogo iitwayo simba, wala halali tena chini ya paa la wazazi wake. Simba ya leo aghalabu ni banda, na paa lake ni bati. Umbo limegeuka, mpango wa mji na adabu iliyomo havikugeuka. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mjini Kitale kuna mahali ambapo mambo hayo yote yamekutanishwa. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, alikuwa mkusanyaji wa vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya wenyeji, na mwaka 1926 aliuanzisha mkusanyo huo kuwa jumba la makumbusho. Alipofariki mwaka 1966 aliuacha wasia wa mkusanyo wake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Kitale mwezi wa Desemba mwaka 1974, likawa la kwanza la taifa kujengwa bara nje ya Nairobi, na leo ni Makumbusho ya Kitale. Vyombo vilivyokusanywa na mgeni ili awaonyeshe wageni wenzake vikawa mali ya wananchi, vya kuwafundishia watoto wa wale wale waliovichonga. Katika uwanja wake zilijengwa pia nyumba za jadi za jamii mbalimbali za magharibi, za Waluhya na za Wakalenjini. Mwanafunzi aweza kutoka msonge mmoja na kuingia mwingine kwa hatua chache, akalinganisha mlango, dari na mahali pa moto, na kuona wapi majirani waliigana na wapi kila mmoja alishika njia yake.

Taifa zima nalo lilikabiliwa na swali hilo hilo. Baada ya uhuru, Kenya ilijenga Nairobi jumba kubwa la mikutano, lililoanzwa mwaka 1967 na kufunguliwa mwaka 1973, ambalo sasa laitwa Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta. Wachoraji wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik, raia wa Norway, na David Mutiso, Mkenya. Mnara wake una ghorofa 28, na ubavuni mwake uko ukumbi wenye paa lililochongoka, ambalo watu wengi wakilitazama huona msonge. Saruji ni ya ulimwengu wote. Mkono mmoja ulitoka ng'ambo, na mwingine ulitoka hapa. Lakini Mkenya akiliona katika noti au katika picha hulitambua kuwa ni lake.

Mambo haya si pambo la darasani tu. Katika miaka ya 1991 na 1992 fitina za siasa zilizusha mapigano katika Trans Nzoia na Bungoma, na jirani alichoma nyumba ya jirani. Moto ukarudi baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na kati ya mwaka 2006 na 2008 Mlima Elgon uliona vita vya ardhi vilivyowaua na kuwahamisha watu wengi. Waliowasha moto waliambiwa kwamba yule wa upande wa pili ni mgeni mtupu, asiye na sehemu katika nchi hii. Lau wangaliuliza nyumba zenyewe kabla ya kuziteketeza, zingaliwajibu vingine: kwamba paa hili lajulikana na pande zote mbili, kwamba kinubi hiki kina ndugu ng'ambo ya mto, na kwamba ngome ya Chetambe, fahari ya Wabukusu, ina jina la Mtachoni.

Kwa hiyo methali zetu mbili hazipingani. Mila si kitu kilichofungwa kabatini kisiguswe na mgeni. Ni ule uwezo wa mwenyeji wa kumpokea mgeni na bado kubaki mwenye nyumba. Taifa halijulikani kwa vitu ambavyo halikuazima, kwa maana vitu vya namna hiyo ni vichache mno duniani. Lajulikana kwa lilivyovitumia vile lilivyoviazima.

Ninyi wanafunzi mnayo kazi iliyo karibu. Wazee wanaojua kuezeka msonge na kuchonga litungu wanapungua kila mwaka, na nyasi za kuezekea zimekuwa adimu kwa kuwa mashamba yameenea kila mahali. Nendeni na kamba ya kupimia na daftari. Pimeni upana wa nyumba, chora mpango wa mji, andikeni jina la kila mti kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha mwulizeni, jambo hili mlijifunza kwa nani? Jina la jirani atakalolitaja, liandikeni nalo.