Pumzi na Dripu

Kimbia kupanda mwinuko pale Ramadhani, Njombe, utahema. Sehemu ya kazi ya pumzi hizo ni kutoa hewa ukaa ili tindikali isizidi. pH ya damu ikae kati ya 7.35 na 7.45. Figo nazo husaidia, ila polepole.

Mtoto mwenye malaria kali huhema hivyohivyo akiwa amelala. Mwaka 1995, watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba kuhema huko na kupungukiwa fahamu ni dalili kubwa za hatari. Tiba ilionekana wazi: dripu ya haraka, kama kawaida ya nchi tajiri.

Kathryn Maitland na wenzake waliijaribu kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Teule ya Muheza ikiwemo. Januari 2011 jaribio lilisimamishwa. Ndani ya saa 48, dripu ya haraka iliongeza vifo takribani 3 katika kila watoto 100.

Uchambuzi wa 2019 ulitaja kloridi ya maji ya chumvi miongoni mwa sababu. Mtoto alikuwa akihema kupunguza tindikali, dripu ikamwongezea.