Usiichomoe spika hiyo!

Leo historia kidogo. Ukiwa Junju unataka kurekodi gita usiku bila kuamsha majirani, usiwashe amplifaya ya vali bila spika.

Vali hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, spika inataka kinyume chake, kwa hiyo katikati huwekwa transfoma. Ukichomoa spika nguvu inakosa pa kwenda. Volti zinapanda, cheche zinaruka, transfoma inaungua. Za transista kwa kawaida hazina shida hiyo.

Them Mushrooms walipoanza hapa pwani mwaka 1972, gita la umeme kwa kawaida lilirekodiwa kwa maikrofoni mbele ya spika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi wa MIT, akatoa Power Soak: rezista zinazogeuza nguvu kuwa joto, spika ibaki ikinong'ona.

Siku hizi spika si lazima. Unachomeka mzigo wa omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya (4, 8 au 16), unaobeba wati zaidi ya zake. Sauti kidogo inachotwa kwenda kwenye kompyuta, na programu inaigiza spika.

Na uzime kabla ya kubadilisha waya.