Mmea vamizi: ugeni peke yake si kosa

Mwambie mzee wa Mkongani, huku Kwale, kwamba mwarobaini ulioko uani kwake ni mvamizi, na usishangae akikuuliza umemvamia nani. Majani yake huchemshwa mtu akishikwa na homa, vijiti vyake ni mswaki, na jina lenyewe linadai kwamba unatibu maradhi arubaini. Lakini katika misitu ya pwani ya Kenya, zikiwamo kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, wataalamu wanautaja mti huohuo miongoni mwa mimea vamizi.

Swali la mzee ni la haki. Uvamizi tumeuzoea kwenye taarifa za habari: majambazi wamevamia duka, nzige wamevamia mashamba. Huku Mkongani kuna pia ndovu wa Shimba Hills wanaovamia mahindi usiku. Mvamizi wetu huja kwa kishindo na ana lake alilolifuata. Mmea hauna nia wala haraka, na ndiyo maana binafsi napendelea ‘mmea vamizi’ kuliko ‘mmea mvamizi’, ingawa yote mawili yanaandikwa. Hilo la pili linanukia mtu na panga lake.

Wataalamu hutazama mambo matatu. Mmea uwe umeletwa na binadamu mahali ambapo si kwao. Uwe unajiotea na kuenea bila kupandwa. Na kuenea huko kuwe kunadhuru mimea mingine, wanyama au riziki za watu. La kwanza peke yake halitoshi. Mwembe umetoka Bara Hindi kama mwarobaini, mkorosho na muhogo vimetoka Amerika ya Kusini, na bila hivyo Kwale ingekula nini? ‘Magugu’ nayo ni habari nyingine. Gugu ni neno la mkulima, na kwake mmea wowote unaoota pasipotakiwa ni gugu, hata ukiwa wa asili ya papo hapo.

Tena ugeni wa mmea hauhusiani na mipaka ya nchi. Musizi, kama Waganda wanavyouita, ni mti wa asili wa Uganda na upande wa Bukoba. Ulipelekwa Amani, katika Usambara Mashariki, ambako nako ni Tanzania kama Bukoba, lakini msitu wa kule haukuwa ukiujua. Hondohondo wakala matunda yake, wakatapanya mbegu, na musizi ukajaa kila penye mwanya. Kwa hiyo ukisikia ‘mmea mgeni’, uliza ni mgeni wa msitu gani.

Mwarobaini nao una wachukuzi wake. Matunda yake madogo hugeuka manjano yakiiva, na popo na ndege huyapenda. Wanakula uani, wanakwenda kutua msituni, na mbegu zinaanguka chini ya miti mikubwa. Huko miche huvumilia kivuli, ikingoja mti mmoja uanguke ili ipate jua. Itambue kwa majani yake: vijani vyembamba vilivyopinda kidogo, kingo zenye meno kama msumeno, na ukitafuna kimoja uchungu wake utakuondolea shaka yote. Mti ukishakuwa mkubwa kazi inakuwa nzito, kwa sababu ukiukata kisiki huchipua upya.

Nafuu iko kwenye mbegu. Mbegu ya mwarobaini hailali udongoni miaka na miaka. Ndani ya wiki chache nguvu yake ya kuota huwa imepungua sana. Anayeng’oa miche kila msimu, na kuyafagia matunda yaliyodondoka uani, hufika mahali akaishinda.

Basi mwarobaini wa uani, ulio mbali na msitu, uache utoe kivuli na dawa. Ila kama shamba lako limepakana na msitu, ng’oa miche ingali myembamba, asubuhi baada ya mvua, mizizi inapotoka yote. Usiingie ndani ya kaya au hifadhi na panga bila ruhusa ya wazee au ya wahifadhi, hata kama nia yako ni njema. Na ukitaka kupanda mti mpya mpakani, tafuta mche wa mbambakofi, mvule au msandarusi.