Ifahamu Linux na Programu Huria Katika Kulinda Taarifa Binafsi

Mhitimu wa kidato cha sita anayeishi Nalasi, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, anapoomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwasilisha maombi yake kwa njia ya mtandao. Asiye na kompyuta hupeleka nyaraka zake katika duka la huduma za steshenari: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya kitambulisho cha Taifa, picha, saini na namba ya simu ya mzazi. Mhudumu huzipitisha kwenye skana, huzihifadhi, humfungulia mteja akaunti na mara nyingi ndiye anayemchagulia nywila. Mwombaji hulipa na kuondoka. Nyaraka hubaki ndani ya kompyuta ya duka, wakati mwingine kwa miaka, katika mashine ambayo kila mwenye flashi huichomeka.

Ni katika mazingira hayo ndipo suala la programu huria, ikiwemo Linux, linapomgusa mwananchi wa kawaida.

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo leseni yake humruhusu mtumiaji kuitumia kwa shughuli yoyote, kuchunguza namna inavyofanya kazi na kuibadilisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kugawa hata ile aliyoibadilisha. Ili hayo yawezekane, msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watunga programu, huwekwa wazi. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana ya uhuru na kwa maana ya kutolipa, jambo lililozua utata wa miaka mingi. Kiswahili kimesalimika, kwa kuwa huria si bure. Programu nyingi za bure zilizomo katika simu si huria hata kidogo, na baadhi yake hulipwa kwa taarifa za mtumiaji badala ya fedha.

Linux yenyewe ni kiini cha mfumo endeshi, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983, na kutoka hapo ikapatikana mifumo kamili inayojulikana kwa majina kama Debian, Ubuntu na Linux Mint. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizomo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Simu janja za Android nazo zimejengwa juu ya kiini hicho hicho, hivyo wengi wanaodhani hawajawahi kukutana na Linux wanatembea nayo mfukoni.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwezi Desemba 2004, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtengenezaji wala kusubiri aone kwamba soko la Kiswahili lina faida, kwa sababu leseni ilikwisha kuruhusu. Programu iliyotafsiriwa wakati ule, OpenOffice, ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Katika sekta ya afya, takwimu za huduma zinazotolewa na zahanati na vituo vya afya nchini huingizwa katika DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei.

Kwa upande wa sheria, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa faragha yake. Haki hiyo ilipewa utaratibu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili, 2024. Sheria inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalofahamika, zisitumike kinyume na lengo hilo na zisitunzwe kwa muda mrefu kuliko unaohitajika. Mhusika ana haki ya kufahamu taarifa zake zilizopo, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kuwasilisha malalamiko kwa Tume pale haki hiyo inapokiukwa. Nakala ya cheti iliyotunzwa dukani miaka mitatu baada ya maombi kuwasilishwa ni vigumu kuitetea mbele ya matakwa hayo.

Linux haitekelezi sheria kwa niaba ya mwenye duka, lakini inampa nyenzo. Mfumo wa Linux Mint, kwa mfano, unaweza kuwekewa kikao cha mgeni: mteja hufungua nyaraka zake, hujaza fomu, na anapotoka kila alichohifadhi humo hufutika chenyewe. Wakati wa kuusakinisha, mwenye kompyuta anaweza kuchagua diski nzima ifungwe kwa usimbaji fiche, ili mashine ikiibwa mwizi apate chuma tu. Mfumo huo haumlazimishi mtumiaji kufungua akaunti mtandaoni. Waraka wa LibreOffice unaweza kuhifadhiwa kwa nywila. Virusi vinavyosambaa kwa flashi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, vimetungwa kwa ajili ya Windows na kwa kawaida havifanyi kazi ndani ya Linux, ingawa faili lenye virusi bado linaweza kubebwa hadi kompyuta nyingine.

Ipo pia hoja ya gharama na uhalali. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika huwa na nakala za programu zisizo na leseni, kinyume na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux Mint ya toleo jepesi la Xfce huweza kuendeshwa na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2, japo GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Kuipakua kunahitaji bando kubwa, lakini mara moja tu: baada ya hapo flashi moja inaweza kuzunguka shule zote za kata na kila nakala ikawa halali. Kwa maeneo ambayo intaneti ni ya kusuasua, hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana mjini.

Katika simu, hatari kubwa iko kwenye ruhusa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wamelalamikiwa kwa kusoma majina yaliyomo katika simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumdhalilisha. Programu ya mkopo inayotaka kusoma orodha ya majina, ujumbe mfupi na picha inaomba zaidi ya inachohitaji, na mtumiaji anaweza kuinyima ruhusa hizo katika mipangilio ya simu. Anayetaka programu huria za simu huzipata katika ghala la F-Droid, ambalo huweka onyo wazi kwa programu inayofuatilia nyendo za mtumiaji.

Yapo mambo ambayo Linux haiwezi kuyatibu. Nywila iliyobandikwa ukutani hubaki wazi katika mfumo wowote, na mhudumu anayejitumia nyaraka za wateja kwa simu yake hazuiwi na kikao cha mgeni. Waraka wa Word ukifunguliwa kwa LibreOffice huweza kubadilika mpangilio, kero inayojulikana na kila aliyewahi kuandaa wasifu wa kuombea kazi. Mafundi wanaoifahamu ni wachache nje ya miji. Aina fulani za printa na skana hazina programu za kuziendesha katika Linux, na kwa duka la steshenari hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka hushauriwa kuanza kwa kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi yenye Linux bila kuisakinisha, kisha ajaribu kuchapa ukurasa mmoja na kuskani mwingine. Vifaa vikikataa, huzima kompyuta na kuchomoa flashi, na mashine hurudi kama ilivyokuwa.